Je, wajua kwa nini mtoto anaweza kuvunjika mifupa akiwa bado tumboni?

Hapa Tanga, mtoto akizaliwa na miguu iliyopinda na mbavu zilizokwisha kuvunjika, maswali yote humwelemea mama. Alianguka? Alibeba ndoo nzito? Mara nyingi kosa si lake hata kidogo.

Chanzo cha ugonjwa huu wa mifupa dhaifu (osteogenesis imperfecta) kiko kwenye kolajeni, protini inayoshikilia mifupa, ngozi, kano na mishipa ya damu. Kolajeni ya mifupa imesokotwa kwa nyuzi tatu, kama kamba zetu za mkonge. Kila uzi ni mlolongo wa asidi amino (vijenzi vidogo vya protini) zaidi ya 1,000, na kila ya tatu sharti iwe glisini, kwani ndiyo ndogo kuliko zote na ndiyo pekee inayotosha katikati ya msokoto. Herufi moja tu ya jeni, yaani maagizo ya kuunda protini, ikibadilika, glisini ikang'olewa na kuwekwa asidi amino kubwa zaidi, msokoto hukwama hapo.

Ajabu ni hii. Kila mtu ana nakala mbili za jeni iitwayo COL1A1, inayotoa nyuzi za kolajeni hii. Moja ikinyamaza kabisa, kolajeni hupungua nusu, lakini inayobaki ni nzima. Mtoto huvunjika kirahisi, ila wengi hutembea na kukua. Lakini nakala hiyo isiponyamaza, bali ikatoa uzi mbovu, mambo huharibika zaidi, kwa sababu kila msokoto huchukua nyuzi mbili kutoka kwenye jeni hiyo, bila kuchagua. Basi misokoto 3 kati ya 4 hupata angalau uzi mmoja mbovu.

Mifupa huanza kuwa migumu karibu na wiki ya 8 ya ujauzito. Katika hali kali kabisa, mapaja hubaki mafupi, na kifua huwa chembamba hadi mapafu hayapati nafasi. Na si mifupa tu: miaka ya 1980, viinitete vya panya waliokosa nakala zote mbili za jeni hii vilikufa katikati ya mimba, mishipa mikubwa ya damu ikiwa imepasuka.

Mabadiliko makali mara nyingi ni mapya, hayakuonekana kwa baba wala mama. Hata hivyo yanaweza kujirudia, hivyo mimba inayofuata ipigwe ultrasaundi mapema. Na mtoto aliye hai asivutwe miguu anapobadilishwa nepi, wala asinyanyuliwe kwa makwapa. Mpitishie kiganja chini ya makalio, kingine kichwani na mabegani.