Kinachomvuta kijana kwenye kundi la mtaani

Kila linapokamatwa kundi la vibaka hapa Mbeya, maelezo yanayotolewa mitaani huwa mafupi: ni umaskini, ni bangi, au wazazi wameshindwa kulea. Kazi yangu ya ustawi wa jamii hunikutanisha na vijana hao wakiwa bado wadogo, na naona kwamba umaskini peke yake haujibu swali, kwa sababu nyumba nyingi za Mwanjelwa, Ilomba na Mabatini zinalingana kwa kipato, ilhali vijana walio wengi humo hawajiungi na kundi lolote.

Umaskini humpunguzia kijana watu wazima wanaojua ameshindaje. Mama anayeuza ndizi huondoka alfajiri kuwahi mzigo kutoka Rungwe, akarudi giza limeingia. Mikoa yetu imebeba pia mzigo wa UKIMWI: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulikuta maambukizi kwa watu wazima yakiwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, na watoto wengi wamebaki kwa bibi zao. Bibi ana upendo na ana heshima, lakini hana miguu ya kumfuata mjukuu hadi kijiweni.

Huko kijiweni, wengi hawakwenda kutafuta uhalifu. Mvulana aliyepigwa na kunyang'anywa simu akipita mtaa wa pili hugundua kwamba akitembea na wenzake watano haguswi. Vijana wa mtaa wa pili, wakiwaona hao watano, nao hujikusanya, na hofu ya kila upande huwa ndiyo sababu ya upande mwingine kuongeza watu. Frederic Thrasher, aliyechunguza makundi 1,313 ya Chicago na kuchapisha matokeo yake mwaka 1927, alieleza jambo hilohilo: makundi huanza kama marafiki wa kucheza pamoja, kisha ugomvi ndio unaoyakaza. Jina la kundi, alama zake na wizi huja baadaye. Bangi nayo mara nyingi hukutwa humo humo kijiweni, ingawa wazazi hupenda kuitaja kwanza.

Kinachosahaulika ni kwamba kundi huwa na mlango wa kutokea. Utafiti uliowafuatilia vijana wa Rochester, Marekani, kwa miaka mingi ulionyesha kuwa makosa ya kijana huongezeka akiwa ndani ya kundi na kupungua akitoka, na kwamba wengi hawakai humo zaidi ya mwaka mmoja. Kamatakamata ya jumla, inayowazoa wote waliokutwa kijiweni kwa kosa la uzururaji, huufunga mlango huo, kwa kuwa aliyekuwa ameanza kujitenga hulala mahabusu na wakubwa wa kundi, na akiachiwa, fundi wa gereji aliyekuwa tayari kumfundisha kazi hamtaki tena.

Ndiyo maana nikiitwa na mwenyekiti wa mtaa baada ya tukio, orodha ya watukutu nawaachia polisi. Mimi humwomba majina ya vijana ambao siku za karibuni wameacha kuonekana kijiweni, nikaanza na hao, pamoja na fundi yeyote aliye tayari kuwapokea kabla wenzao hawajawafuata nyumbani.