Juisi isiyochacha si sumu: soma lebo kabla ya kutia hamira

Mzee mmoja alifika kwenye dawati letu la malalamiko akiwa amebeba galoni la lita tano, mdomo umefungwa kitambaa. Ndani mlikuwa na juisi ya matofaa ya dukani, na chini hamira imetuama kama uji uliolala. "Siku kumi na moja hizi, mwanangu, haijatoa hata povu," akaniambia. "Nimetia pakiti nne. Hii si juisi, hii ni kemikali tupu. Ipimeni, halafu mkifungie hicho kiwanda."

Nikamwomba boksi. Bahati nzuri alikuja nalo. Ubavuni, kwa maandishi yanayotaka miwani, palikuwa na E202 na E211. Nikamwambia: mzee wangu, kiwanda hakina kosa. Kimekuandikia kila kitu, wewe ndiye hukusoma.

Malalamiko ya aina hii yamekuwa mengi kadiri watu wanavyojifunza kutengeneza saida, yaani pombe nyepesi ya matofaa, kwa kufuata video za simu. Ndiyo sababu ya makala haya. Ieleweke kwamba taasisi yetu haimhamasishi mtu kunywa, na aliye chini ya miaka 18 hahusiki hapa kabisa. Ila mtu akiamua kutengeneza cha kunywa nyumbani kwake, ni heri ajue anachokifanya.

E202 ni potasiamu sobeti, E211 ni sodiamu benzoeti. Vyote viwili ni vihifadhi vinavyoruhusiwa kwenye vinywaji kwa viwango vilivyowekwa, na kazi yake ni hiyohiyo iliyomkera mzee: kuzuia chachu, yaani vijidudu hai vya hamira, isizaane. Sobeti haiiui chachu, inaizuia kuongezeka. Chache ulizotia zinabaki zilezile mpaka zichoke. Kuongeza pakiti ya tano ni kutupa hela. Na tafadhali, tumechoka kulisema hili: kuchemsha hakuondoi vihifadhi. Havipandi na mvuke kwa kiasi cha maana. Utapata juisi yenye ladha ya kupikwa na vihifadhi vyako bado vimo ndani.

Kwa hiyo tafuta boksi lisilo na E202, E211, wala jamii ya salfaiti kuanzia E220 hadi E228. Juisi nyingi za boksi la karatasi hazihitaji vihifadhi kwa sababu zimepitishwa kwenye moto mkali na kufungwa bila kuguswa na hewa. E300 isikutishe, hiyo ni vitamini C. Angalia pia jina lenyewe. Kwa viwango vya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, "juisi" ni tunda tupu, hata kama limekuja likiwa limekolezwa kisha likarudishiwa maji. "Nekta" ina tunda kuanzia robo hadi nusu, kutegemea tunda lenyewe. "Kinywaji chenye ladha ya tufaa" kinaweza kuwa na tufaa kidogo sana, na mara nyingi utamu wake unatoka kwenye sukralosi au aspatemu, ambazo chachu haizili.

Sukari ndiyo itakayokupa nguvu ya kinywaji. Kila gramu 17 kwa lita huzaa takriban asilimia moja ya kileo. Lebo ikisema gramu 11 kwa mililita 100, hizo ni 110 kwa lita, utaishia kwenye asilimia sita na ushee. Hiyo ndiyo saida. Ukimimina kilo ya sukari juu yake ili "ipande", unatengeneza kitu kingine, na kesho yake kichwa kitakueleza.

Sasa hamira. Hamira ya mkate na ile ya mvinyo ni ndugu wa damu, na kwa asilimia sita hamira ya mkate haishindwi. Tofauti ni kwamba ya mkate haitulii vizuri chini na huacha harufu ya unga. Ukiweza kupata ya mvinyo, pakiti ya gramu tano inatosha lita 20 hivi. Kwa galoni la lita tano tia robo yake au zaidi kidogo, hakuna haja ya kumwaga yote.

Iamshe kwanza, usiinyunyize kavu kwenye juisi baridi. Chemsha maji (ya bomba yana klorini, na kuchemsha kunaipunguza), yaache yapoe hadi nyuzi 35 au 38. Huna kipimajoto? Yawe kama maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Mama yeyote anayajua. Pima maji mara kumi ya uzito wa hamira, inyunyize juu, iache robo saa bila kuikorogakoroga. Kisha ongeza juisi ya joto la chumba kijiko kwa kijiko, subiri dakika tano, ongeza tena. Lengo ni kupunguza joto polepole, kwa sababu chembe zilizotoka kwenye nyuzi 38 zikitumbukia kwenye juisi iliyotoka kwenye friji, nyingi hufa. Ukitaka uhakika zaidi, fika hadi kikombe kizima cha juisi, funika kwa kitambaa safi bila kukaza, iache usiku mmoja. Asubuhi ikiwa na povu na harufu ya mkate mbichi, imimine kwenye galoni zima. Ikiwa kimya, umepoteza kikombe kimoja badala ya lita tano. Mzee wetu angejua habari za E202 kesho yake, si siku ya kumi na moja.

Juisi ya tufaa iliyochujwa hadi kung'aa ina njaa: sukari ipo, naitrojeni haba. Hapo ndipo hutoka harufu ya yai viza. Chemsha kijiko kidogo cha hamira ya mkate kwa dakika kumi, ipoe, mimina. Hamira mfu ni chakula cha hamira hai. Kwa Dar es Salaam weka galoni ndani ya beseni la maji, livike taulo lililoloweshwa. Saida hupenda nyuzi 18 hadi 22, na chumba cha Machi kinavuka 30 bila shida. Wa Njombe na Lushoto, mnakolima matofaa yenyewe, hili haliwahusu.

Usifunge chupa mapema. Kila gramu nne za sukari zilizobaki katika lita moja hutoa takriban lita nzima ya gesi. Zikibaki gramu 20, hesabu mwenyewe, kisha fikiria chupa ya kioo iliyotengenezwa kwa konyagi. Haidromita, kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki, isome 1.000 au chini, siku tatu mfululizo, ndipo ufunge.

Swali la kama saida ina methanoli, ile pombe yenye sumu, linakuja kila wiki. Juisi iliyochachuliwa ina kiasi kidogo mno kinachotokana na pektini ya tunda. Vifo unavyovisikia hutokana na pombe kali iliyochanganywa na methanoli ya viwandani. Usichemshe saida yako kukusanya mvuke wake: hiyo ni gongo, na kuitengeneza, kuimiliki au kuiuza ni kosa la jinai.

Umeipenda, jirani kaipenda, unataka kuuza. Hapa naomba umakini. Unaanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho wa mjasiriamali mdogo. Kwa barua hiyo unakwenda TBS, shirika la viwango, kusajili jengo, kisha bidhaa, kisha kuomba alama ya ubora. Wakaguzi watakuja, na sampuli watachukua wao. Usajili wa chakula ulihamia TBS tangu Julai 2019, lakini hadi leo kuna anayetuletea fomu ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Kwa TRA, mamlaka ya mapato, unaomba leseni ya mzalishaji wa bidhaa za ushuru na stempu za kielektroniki, ambazo mvinyo umekuwa ukibandikwa tangu Januari 2019. Halmashauri nayo ina leseni ya vileo na sheria ndogo zake. Na usifungashe kwenye vifuko vya plastiki, viroba vilipigwa marufuku Machi 1, 2017. Anayeruka hatua hizi hukamatiwa mzigo, huteketezewa kwa gharama zake mwenyewe, eneo hufungwa, na faini au kifungo hufuata. "Nilikuwa nauzia marafiki tu" si utetezi.

Anayetaka tumpimie juisi ya dukani alete boksi ambalo halijafunguliwa, lenye namba ya toleo ileile na ile anayoilalamikia, pamoja na risiti. Boksi lililovimba dukani kabla ya tarehe yake tunalitaka haraka zaidi kuliko lolote. Lililokwisha kutiwa hamira hatulipokei. Galoni la mzee bado liko chini ya meza yangu. Alisema atalifuata Jumatatu.