Mtoto mdogo akiulizwa, hujibu

Mwulize mtoto wa miaka 5: "Nyekundu ni nzito kuliko njano?" Huenda akakujibu bila kusita. Mwaka 1980 Martin Hughes na Robert Grieve walichapisha utafiti wa maswali ya namna hiyo, yasiyo na kichwa wala miguu, waliyowauliza watoto wa miaka 5 na 7. Karibu wote walitoa jibu.

Mimi ni mwanasaikolojia wa watoto, na nikisikia mtoto "kadanganya" kwenye mahojiano, naanzia hapo. Machoni pake mkubwa haulizi ovyo. Akishauliza, jibu lipo, na adabu ni kulitoa. Ukimrudia swali lile lile anaona la kwanza halikukuridhisha, basi anabadilisha. Isitoshe, wa miaka 3 au 4 bado hutatizika kutenganisha alichokiona na alichoambiwa. Ulichokitia kwenye swali lako leo, wiki ijayo atakisimulia kama chake.

Kesi ya shule ya chekechea ya McMartin, California, ambayo walimu wake walituhumiwa kudhalilisha watoto, ilianza mwaka 1983. Watoto waliokana kudhalilishwa waliambiwa wenzao wameshasema, waliokubali walisifiwa. Ikaisha mwaka 1990 bila hata mtu mmoja kutiwa hatiani. Mwaka 1998 Sena Garven na wenzake wakazijaribu mbinu hizo kwa watoto wa miaka 3 hadi 6 waliotembelewa na mgeni aliyewasomea hadithi. Walioulizwa maswali ya kuongoza tu, yaani yanayodokeza jibu, walikosea asilimia 17 ya majibu. Walioongezewa sifa na "wenzako wamesema" walikosea asilimia 58, tena kwa mahojiano ya dakika chache!

Sisemi mtoto asiaminiwe. Akiachwa aeleze mwenyewe, hata wa miaka 4 mara nyingi husema kweli, ila kwa ufupi, na ufupi huo ndio unaotukosesha subira. Tanzania, tangu Sheria ya Ushahidi irekebishwe mwaka 2016, mtoto hutoa ushahidi akishaahidi kusema kweli, na katika makosa ya kujamiiana mahakama ikimwamini, maneno yake pekee yanaweza kutosha. Ila kabla ya polisi ameshaulizwa na mama, shangazi, pengine na jirani.

Kwa hiyo mzazi, usimwambie "Ni anko, siyo?" Mwambie "Nieleze kilichotokea," nyamaza, kisha "Halafu?" Aliyoyasema yaandike kama alivyoyatamka, na swali lako uliandike pembeni.