Mlonge haufuti mawimbi ya simu, kaka zangu

Wiki hii nimeambiwa tena: "Dokta, simu naweka mfukoni ila sina wasiwasi, kila asubuhi nakunywa mlonge, unasafisha mionzi isiharibu mbegu zangu za kiume." Mwingine ni kitunguu saumu, mwingine manjano na tangawizi, mwingine unga wa kuchanganywa Kariakoo hauna hata lebo. Nimechoka kuisikia hii na leo naiandika nimalize.

Kwanza hakuna cha kusafisha. Mawimbi ya simu na waifai hayabaki mwilini, simu ikizimwa yameisha, na wala hayana nguvu ya kukata DNA kama eksirei. Kinachoshukiwa ni kwamba yanaongeza zile chembe haribifu za oksijeni, na hapo mbegu ya kiume ni dhaifu kweli, utando wake umejaa mafuta yanayoharibika upesi na ndani ni padogo mno kubeba kinga yake yenyewe. Ndio maana panya wa maabara wakiwekwa kwenye mawimbi masaa kadhaa kila siku halafu wakapewa dondoo za mimea, mara nyingi mbegu zao zinaonekana afadhali kuliko za wenzao wasiopewa. Hilo sibishi. Ila panya ni mdogo, wimbi linampata mwili mzima, dozi yake imepimwa kwa uzito wake, na alianza akiwa mzima wa afya. Wewe una miaka 38, unavuta sigara, inawezekana una mishipa imevimba kwenye korodani hujui, na unajiwekea kijiko cha unga ambao hata aliyekuuzia hajui kuna nini ndani, halafu unataka matokeo ya panya?

Tuje kwa binadamu sasa. Mwaka 2020 Marekani yalitoka majaribio mawili ambayo natamani kila muuza unga ayasikie. Moja wanaume walipewa mchanganyiko wa antioksidanti, yaani vitu vya kuzuia hizo chembe haribifu, vitamini C na E, seleniamu, zinki na nyinginezo, mbegu hazikuwa bora kuliko za waliopewa vidonge bandia visivyo na dawa ndani. Lingine lilikuwa na wanandoa 2,370, wanaume wakapewa zinki na foliki asidi miezi sita, waliopata mtoto wakawa asilimia 34 upande wa dawa na 35 upande wa vidonge bandia. Hawakuchaguliwa kwa sababu ya simu, ni watu wanatafuta mtoto tu kama nyie. Na mbegu inahitaji kiasi kidogo cha hizo chembe za oksijeni ili ikomae na iweze kuingia kwenye yai, kwahiyo kumwaga antioksidanti bila kipimo sio lazima iwe faida.

Kinachoniuma hasa sio mlonge. Mlonge ni mboga nzuri, kula. Kinachoniuma ni muda. Mwanaume anakunywa unga mwaka mzima, mkewe ameshapigwa ultrasaundi, ameshapimwa mirija, homoni zote, ameshasemwa na mawifi mpaka basi, na mume hajatoa hata sampuli moja ya mbegu! Siku akija tunakuta varikosili, ile mishipa iliyovimba kwenye korodani, ambayo kwa wanaume wenye shida ya mbegu tunaikuta kwa karibu 35 hadi 40 kati ya 100, au tunakuta hamna mbegu hata moja kwasababu njia imeziba, na hakuna jani la kuzibua njia. Na huo mwaka kwa mke mwenye miaka 37 haurudi.

Kuna wa upande wa pili, "simu imeniua mbegu zote". Hapana. Uswisi walipima vijana 2,886 wa miaka 18 hadi 22, waliotumia simu zaidi ya mara 20 kwa siku walikuwa na mbegu kama milioni 44.5 kwa mililita, wa mara moja kwa wiki au chini ya hapo milioni 56.5. Wote wako juu kabisa ya kiwango cha chini cha WHO cha milioni 16. Na kuweka simu mfukoni hakukuonyesha tofauti. Mimi bado nakwambia itoe mfukoni, weka kwenye begi, ni bure, na laptopu iondoe mapajani leo hii maana korodani zinataka ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 4 chini ya mwili.

"Cha asili hakidhuru." Mbegu za papai je, ambazo watu wanasaga wanakunywa? Dondoo yake iliwafanya kima wa maabara wakose mbegu kabisa. Na gosipoli ya kwenye mbegu za pamba, Wachina waliijaribu kama uzazi wa mpango wa wanaume.

Supu ya pweza na vumbi la Kongo ni habari ya nguvu za kiume, sio mbegu. Unaweza kuwa ngangari kitandani na kipimo kikasoma sifuri.

"Nimetumia wiki mbili naona tofauti." Mbegu inatengenezwa siku kama 74, jumlisha safari ya kutoka, ni karibu miezi mitatu. Wiki mbili hujaona kitu.

Na nyie wa jim mnaochoma testosteroni mkidhani mnaongeza uzazi, mnaufunga. Ubongo ukiona homoni imejaa unaacha kuiagiza korodani itengeneze mbegu, acheni hiyo sindano kabla hamjaanza kutafuta mtoto na mje tuongee.

Kipimo cha mbegu ni hivi: kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga, toa sampuli yote usipoteze tone la kwanza, ifike maabara ndani ya saa moja, usiiweke kwenye friji wala kwenye kondomu ya kawaida. Foleni ya Mbagala mnaijua, kwahiyo toeni hapohapo maabara. Majibu yakiwa mabaya rudia kabla hujalia, na mje wote wawili siku moja.