Uingereza: siku ya sikukuu si lazima iwe siku ya kupumzika

Pasaka au Krismasi ikikaribia, wenzetu wanaofanya kazi kwenye nyumba za wazee na maghalani huniletea dai lile lile: "Sikukuu ya umma sheria inanipa mapumziko, na nikiingia zamu nilipwe mara mbili." Jamani, sheria haisemi hivyo! Na anayegoma kwenda zamu kwa kuamini maneno haya anaweza kupoteza kazi.

Inachokupa sheria ni wiki 5.6 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Ukifanya kazi siku 5 kwa wiki, hizo ni siku 28. England na Wales zina sikukuu 8 kwa kawaida, na mwajiri anaruhusiwa kuzihesabu humo humo. Kwa hiyo fungua mkataba wako. Ukisema "siku 28, sikukuu zikiwemo", na kazini kwenu hufungwa siku hizo, zinabaki 20 za kujipangia. Ukisema "siku 28, mbali na sikukuu", una 36. Watu wanatia sahihi bila kusoma mstari huo, halafu Desemba wananiuliza siku zao zimekwenda wapi. Malipo ya mara mbili nayo hutoka kwenye mkataba. Kama haukuyaahidi, unalipwa saa zako kama siku nyingine yoyote.

Idi si sikukuu ya umma kule, hivyo iombee likizo. Kama mkataba hauna utaratibu wake, taarifa ni mara mbili ya siku unazotaka, ukiongeza siku moja: siku 2 za likizo, siku 5 kabla. Mwezi hausubiri ratiba ya zamu. Mimi husema omba siku zote mbili zinazotarajiwa, tena wiki kadhaa mapema.

"Sina saa maalumu, kwa hiyo sina likizo." Unayo, hata kama umeajiriwa kupitia wakala. Kwa wenye saa zisizotabirika hukokotolewa kwa asilimia 12.07 ya saa ulizofanya: saa 100 za kazi, takriban saa 12 za likizo. Mwajiri akiamua kuilipa kidogo kidogo ndani ya mshahara, lazima ionekane peke yake kwenye hati ya mshahara. Usipoiona, uliza.

"Nitaiuza likizo yangu." Hizo wiki 5.6 haziuzwi ukiwa bado kazini. Zilizobaki hulipwa ukiacha kazi, hata ukifukuzwa.