Mhasibu, mshono na kwikwi

Wiki hii tena, mhasibu kikaoni: "Daktari, mnapima CRP siku ya tatu baada ya upasuaji kwa kila mliyemuunganisha utumbo, na wengi wao wazima. Si tunachoma hela?" CRP ni kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi; sisi tunakitumia kunusa mshono wa utumbo unaovuja. Nimeshachoka kujibu kwa mdomo.

Faida ya kipimo iko kwa hao hao wazima. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliojumlisha tafiti kadhaa za utumbo mpana uliweka mpaka wa 172 mg/L siku ya tatu na 124 siku ya nne. Kati ya wagonjwa 100 walio chini ya hapo, kama 97 hawavuji. Huyo namtoa dripu, anywe uji, akijamba tu naanza kufikiria ruhusa. Kitanda kilichoachwa mapema, mhasibu, umekiandika safu gani?

Juu ya mpaka ndiko wenzangu wanakoharibu. Kati ya watano wenye namba kubwa, aliyevuja kweli ni mmoja hivi. Nimonia inapandisha, kidonda chenye usaha kinapandisha, mkato mrefu wenyewe unapandisha. Saa nane usiku napigiwa na daktari wa zamu: "CRP 240, tuandae thieta?" Mapigo? "Ngoja niangalie." Anapumua mara ngapi? "Ishirini." Ishirini, bila shaka! Fungua mafaili uone: wodi nzima inapumua ishirini kwa dakika, kama askari kwenye gwaride. Nikaenda, nikasimama na saa yangu. Thelathini na nne. Mapigo 128, homa hakuna, na kwikwi tangu magharibi. Dada yake alikuwa anampa maji kwa kijiko, akidhani koo limekauka, kumbe ni tumbo. Tulipofungua, mshono ulikuwa umeachia.

Angekaa siku tatu zaidi tungezungumzia ICU, kuoshwa tumbo mara mbili tatu, na kolostomi, tundu la tumboni la kutolea choo, ambayo mifuko yake ndugu hununua wenyewe. Ng'ombe aliyeuzwa kijijini haonekani kwenye vitabu vya hospitali, ndiyo maana hesabu za kikaoni hunikera: zinaona bei ya kitendanishi, hazioni ng'ombe.

Ila nami sina usingizi mzito. Nimewahi kufungua tumbo kwa wasiwasi nikakuta mshono mzima, na gharama hiyo aliibeba mgonjwa. Halafu kuna ASOS-2, jaribio kubwa lililofanyika katika hospitali za nchi nyingi za Afrika, likachapishwa 2021: wagonjwa walio hatarini wakafuatiliwa kwa karibu zaidi baada ya upasuaji, na vifo havikupungua. Dhana yangu ni kwamba kugundua bila thieta ya usiku, damu na kitanda cha ICU ni kujua tu anakufa kwa nini. Ni dhana, sina zaidi ya hapo.

CRP kateni mkitaka. Lakini kwanza ninunulieni saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde kwa kila chumba cha wodi.