Programu Huru, na Ruta ya Bluu Iliyoonyesha Maana Yake

Programu huru ni ile ambayo mtumiaji wake ana ruhusa ya kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza aone inavyofanya kazi, kuibadilisha, na kuwagawia wengine nakala yake, iwe ya asili au ile aliyoibadilisha mwenyewe. Ruhusa hizo nne huandikwa kwenye leseni inayoambatana na programu, na ikikosekana hata moja, programu hiyo si huru. Bei haihusiki. WhatsApp tunaipakua bila kulipa senti, lakini hakuna mtumiaji aliyeruhusiwa kuibadilisha na kusambaza toleo lake. VLC, ile yenye alama ya koni ya rangi ya chungwa ambayo wengi tunaangalizia filamu, nayo haina malipo, ila hiyo ni huru kweli. Ilianzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, ikatolewa kwa leseni huru mwaka 2001, na tangu hapo yeyote anaweza kuichukua na kuijengea juu yake.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo lazima lieleweke kwanza. Mwandishi wa programu huiandika kwa lugha ambayo mtu aliyejifunza anaisoma na kuielewa. Maandishi hayo ndiyo msimbo chanzo. Baadaye msimbo huo hugeuzwa kuwa mfululizo wa namba zinazosomwa na chipu. Kinachowekwa kwenye simu, redio ya gari au ruta yako ni zile namba, na mtu mwenye namba peke yake atahangaika miezi kujua kilichoandikwa. Ndiyo maana ruhusa ya kubadilisha programu bila kupewa msimbo chanzo haina maana yoyote.

Dhana yenyewe ilichochewa na kifaa, tena printa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, maabara ya akili mnemba ya chuo cha MIT, Marekani, ilipata printa ya leza ya Xerox. Richard Stallman, mmoja wa waandishi wa programu pale, alikuwa amezoea kuirekebisha programu ya printa ya zamani ili iwajulishe watu karatasi zinapokwama. Kwa printa mpya hakuweza, kwa sababu msimbo chanzo ulifichwa. Printa ilikwama, watu wakasubiri, na fundi aliyejua dawa alikuwa amefungwa mikono. Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima wa kompyuta ulio huru, na mwaka 1989 ikatoka leseni iitwayo GPL.

GPL ni kazi ya akili nyingi. Inatumia sheria ileile ya hakimiliki ambayo kwa kawaida humkataza mtu kunakili, ila inaielekeza upande wa mtumiaji: unaruhusiwa kuchukua msimbo huu, kuuweka kwenye bidhaa na hata kuiuza, kwa sharti kwamba yule utakayemuuzia apewe msimbo chanzo na ruhusa zilezile ulizopewa wewe. Kampuni ikivunja sharti hilo, leseni inakatika, na kuendelea kusambaza kunakuwa uvunjaji wa hakimiliki. Linux, kiini cha mfumo kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kiliingia chini ya GPL mwaka uliofuata. Kwa kuwa kilikuwa imara na hakina ada, watengenezaji wa vifaa walikikimbilia.

Hapo ndipo inapoingia ruta ya Linksys WRT54G, kisanduku cha bluu na nyeusi chenye antena mbili nyuma, kilichoingia sokoni mwishoni mwa 2002. Kilikuwa kifaa cha nyumbani cha kawaida, cha kugawa intaneti kwa Wi-Fi. Katikati ya mwaka 2003, wadadisi walioichunguza programu dhibiti yake, yaani programu inayokaa ndani ya kifaa na kukiendesha, waligundua kwamba imejengwa juu ya Linux. Wanunuzi walikuwa hawajapewa msimbo chanzo. Wakati huohuo Linksys ilikuwa imenunuliwa na Cisco kwa hisa za thamani ya takriban dola milioni 500, kwa hiyo kampuni kubwa kabisa ya vifaa vya mtandao ikajikuta imerithi deni la leseni. Baada ya shinikizo, msimbo ulitolewa mwaka huohuo.

Kilichofuata kinanisisimua kila ninapokisimulia. Kampuni ilidhani imeuza ruta. Watu wakaona kompyuta ndogo ya kuchezea, yenye redio ya Wi-Fi na bandari za mtandao. Januari 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, wa kuandika programu dhibiti huru ya ruta, na pembeni yake yakazaliwa matoleo mengine kama DD-WRT na Tomato. Ruta ileile ya nyumbani ikaanza kufanya kazi za vifaa vya bei kubwa vya ofisini: kugawa kasi ya intaneti ili anayepakua filamu asimkwamishe anayepiga simu, kujenga njia ya siri kati ya matawi mawili ya ofisi, kuunganisha majengo bila waya, kuendesha Wi-Fi ya kulipia. Maunzi hayakubadilika hata skrubu moja. Uwezo ulikuwemo humo ndani tangu siku ya kwanza, ila mnunuzi alikuwa hajaruhusiwa kuufikia.

Mwaka 2005 toleo la tano la ruta hiyo lilikuja na kumbukumbu iliyopunguzwa nusu na mfumo mwingine usio Linux. Wapenzi wake walilalamika, na Linksys ikatoa WRT54GL, yenye Linux na kumbukumbu ile ya zamani. Mwaka 2016, teknolojia yake ya Wi-Fi ikiwa imepitwa na wakati kabisa, bado ilikuwa inauzwa. Sijui ushahidi mwingine ulio wazi kuliko huu kwamba wanunuzi wapo wanaothamini kifaa kinachofunguka.

Si kila mara msimbo unapatikana kwa kudai leseni. Mradi wa Rockbox, ulioanzishwa na Waswidi wachache mwaka 2001, ulianza kwa sababu programu ya kichezeshi cha muziki cha Archos haikuwaridhisha. Hawakuwa na msimbo chanzo wa mtu. Walichunguza maunzi, wakaandika programu dhibiti yao toka mwanzo, wakaitoa kwa GPL, na baadaye ikaendesha iPod kadhaa na vichezeshi vya SanDisk. Watu huipenda kwa kusoma faili za muziki za FLAC na hata kwa kucheza gemu ya Doom kwenye kioo kidogo. Mimi naithamini kwa jambo lingine: inasoma menyu kwa sauti. Asiyeona, ambaye kichezeshi cha dukani kilikuwa kimemsahau, akapata kifaa anachoweza kukitumia bila kuomba msaada wa mtu.

Uhuru huu una mpaka wake, na mpaka wenyewe uko kwenye kufuli. TiVo, mashine ya Marekani ya kurekodi vipindi vya televisheni, ilitumia Linux na kutoa msimbo wake kama GPL ilivyotaka. Lakini mashine ilikagua sahihi ya kidijitali ya programu, yaani muhuri wa kampuni, kila inapowaka, na ikikuta umebadilisha kitu, inakataa. Una msimbo, una ruhusa, na kifaa ulichokinunua kwa pesa yako hakikutii. Toleo la tatu la GPL, la mwaka 2007, liliandikwa kwa sehemu ili kuziba mwanya huo, lakini Linux ilibaki na toleo la pili. Matokeo yake tunayo mifukoni. Kila simu ya Android ina Linux ndani yake, na mtengenezaji anadaiwa msimbo wa kiini hicho, ila simu nyingi zina kufuli la kuwashia lisilofunguliwa kirahisi. Kampuni ikiacha kutuma masasisho, simu nzima isiyo na ubovu inaanza kukataa programu za benki na mazungumzo. Mafundi wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue jijini Nairobi wanaoflashi simu, yaani kuziwekea mfumo upya, kila siku wanalijua kufuli hili vizuri. Pale linapofunguka, mfumo huru kama LineageOS unaweza kuirudishia simu ya zamani masasisho.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu yetu ya kuzijali ruhusa hizi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji kuandika barua ya kuomba kibali, wala kusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kama soko letu linatosha. Leseni ilikwishawaruhusu, kazi iliyobaki ilikuwa kutafsiri.

Ukitaka kuanza, usianze na ruta pekee inayoleta intaneti nyumbani. Tafuta iliyostaafu, geuza chini usome jina kamili la modeli pamoja na namba ya toleo, kisha uitafute kwenye orodha ya vifaa vya OpenWrt. Namba ya toleo si ya kupuuzwa: WRT54G ya toleo la nne na ya tano ziliuzwa kwa jina lilelile, lakini ndani ni vifaa viwili tofauti. Ukiiwekea faili ya programu dhibiti isiyo yake, au umeme ukikatika katikati ya kazi, ruta inaweza kufa isiwake tena. Waandishi wa OpenWrt wenyewe walilifikiria hilo walipotoa ruta yao ya kwanza, OpenWrt One, Novemba 2024, kwa ushirikiano na Software Freedom Conservancy, shirika linalotetea programu huru, na watengenezaji wa kompyuta ndogo za Banana Pi. Ina sehemu mbili za kuhifadhi programu na swichi ya kuchagua kati yake. Ukiharibu moja, unasogeza swichi, inawaka kwa ile nyingine, na unajaribu tena.